Mwalimu wa Sauti Nne

Mwalimu wetu wa nyimbo hakupenda makofi. Kwaya ilipomaliza kuimba na watu wakaanza kushangilia, aligeuka akawatazama kama mtu aliyeamshwa ghafla, kisha akashuka jukwaani na kwenda kusimama nje, hata kama mvua inanyesha. Alisema wimbo ukiimbwa vizuri hauishi pale midomo inapofungwa. Unabaki kidogo ndani ya nyumba, na makofi yanaufukuza. "Nyamazeni kwanza," alitukanya tulipoanza kunong'onezana baada ya mstari wa mwisho. "Bado haujatoka."

Sifa nazo alizitoa kwa kubana. Siku moja kwaya iliimba hadi mpishi wa shule akaacha sufuria ya maharage na kuja kusimama dirishani na mwiko mkononi. Mwalimu alifunga kitabu, akafuta miwani kwa ncha ya tai, akasema, "Leo hamkuniumiza." Tulitoka pale tunarukaruka. Mtu wa nje asingeelewa.

Alifundisha pia hesabu za kidato cha kwanza, lakini hakuna aliyemwita mwalimu wa hesabu. Wenzetu Wahaya, na hata wazazi wao, walimwita Omwegesa, yaani mwalimu, kana kwamba shule nzima ilikuwa na mmoja tu. Alikuwa mfupi, mwenye shingo ndefu, na koti lake la kijivu alilivaa hata jua likiwaka. Wakati wa masika alikuja na mabuti ya mpira, akayavua mlangoni mwa darasa, akatoa viatu vyeusi kwenye mfuko wa plastiki na kuvivaa. Ndipo alipoingia. Mfuko wa shati ulikuwa na vitu viwili: kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani, na kichuma chenye ncha mbili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja tu, isiyobadilika. Kahawa aliigawa kwa yeyote. Kichuma hakukiazima kwa mtu.

Kila kilicholia alikiuliza ni sauti gani. Mvua ikipiga bati, mlango wa stoo ukikwaruza, baiskeli ya mleta maziwa ikifunga breki, alisimamisha somo na kuinua kidole. Tulikwenda naye mara moja kuimba kwenye ibada ya hadhara Kemondo, karibu na bandari. Katikati ya wimbo meli ikapiga honi. Mhubiri akakunja uso, watu wakacheka. Mwalimu alitusimamisha kwa mkono, akasikiliza honi hadi ikakatika, akaguna mwenyewe kidogo, kisha akatupa mwanzo mpya, juu kidogo ya ule wa kwanza. Hatukujua kwa nini. Tulipofika ubeti wa mwisho honi ikalia tena, na safari hii ikaangukia pale pale kwenye besi, kama mwanakwaya aliyechelewa kufika.

"Meli imeokoka!" mvuvi mmoja alipaza sauti kutoka gatini.

Mwalimu hakucheka. Aliwageukia wavulana wa besi akawaambia, "Mmesikia? Hiyo haivuti sauti kama nyinyi."

Mimi sikuwa wa kanisa lake. Nyumbani kwetu ni Kashai, hapa Bukoba mjini. Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani akaoa Mhaya, na sisi tumekua tunaswali kwa Kiarabu, tunasimuliana kwa Kiswahili na tunagombana kwa Kihaya. Baba aliuza vitambaa sokoni. Alinipeleka shule ya kanisa kwa sababu ilikuwa karibu na ilifaulisha, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba mambo ya kanisa yabaki kanisani. Kwa hiyo siku Mwalimu alipopiga hodi kwetu, baada ya alasiri, na mabuti yake ya mpira mkononi, mama aliniangalia kama niliyefukuzwa shule.

Baba alimkaribisha, akaagiza kahawa. Wakaongelea mvua, wakaongelea bei ya ndizi. Halafu Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Mwanaidi. Sikuja kumbadilisha dini."

"Ungekuja kwa hilo, hiyo kahawa usingeiona," baba akasema.

"Namtaka kwenye kwaya."

"Nyimbo zenu zina maneno, Mwalimu. Mwanangu hawezi kuyasema hayo leo, na kesho akasimama nyuma yangu kuswali."

Mwalimu alikiinua tena kikombe, akanywa. Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia, nikadhani ameshindwa.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Basi maneno simwombi. Namwomba sikio. Mimi nasimama mbele, nawasikia walio karibu tu. Nahitaji mtu akae mwisho wa ukumbi anionyeshe kwa mkono ni sauti ipi inashuka. Nimejaribu wengi. Huyu anasikia."

Baba akanigeukia, akayatazama masikio yangu kama ndiyo kwanza anayaona.

"Na mkianza kuomba?"

"Atatoka nje. Mlango nitamfungulia mimi mwenyewe."

Akafanya hivyo. Kila mazoezi yalianza na kuisha kwa sala, na kila mara Mwalimu alitoka mbele, akapita katikati ya viti hadi mwisho wa ukumbi, akanifungulia mlango, akaufunga polepole nyuma yangu. Siku moja mchungaji alimshauri amwachie mwanafunzi kazi hiyo, maana sala ilikuwa inamsubiri. Mwalimu akamjibu kwamba ahadi aliitoa yeye, si mwanafunzi. Mchungaji akasubiri. Tangu mwaka ule, kila Idi, Mwalimu na mkewe walikuja kwetu kula pilau, na pilau ya mama aliisifu bila kubana hata kidogo. Aliomba ukoko.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusikiliza. Nilisimama ukutani, mkono wa kulia kwa sauti ya kwanza na ya pili, wa kushoto kwa ya tatu na ya nne, nikiuinamisha pale waimbaji walipolegea. Leo nafanya kazi redioni, kwenye mitambo, na watu wanaponiuliza nilisomea wapi nawatajia chuo. Chuo kilinifundisha vitufe.

Darasani alikuwa na ukali wa maneno ambao wengine waliuogopa kuliko fimbo. "Umeimba kama unayeshuka mlima na mkungu kichwani," alimwambia msichana mmoja mbele yetu sote, na msichana akalia. Jioni ile ile alimfuata hadi kwao, mvua ikinyesha, akamwomba radhi mbele ya bibi yake, halafu akamwimbisha ule mstari hadi akaupata. Kesho yake darasani alikuwa mkali vile vile. Alitukataza kuyumba tukiimba. Alitukataza kugusa ngoma. Alituambia kuna njia moja ya kupanga sauti nne, nayo imo kwenye vitabu vya kinanda. Tulimwamini, kwa sababu hatukuwa tumemwona akikosea.

Aliyewahi kumwona alikuwa mkewe.

Mama huyo alibaki kwenye kibanja chao Muleba, karibu na barabara kuu, akilima migomba na kahawa, na Mwalimu alikwenda huko mwisho wa wiki. Wakati wa likizo alitualika baadhi yetu. Tulikaa jikoni tukimenya ndizi, naye akitusimulia mambo ambayo hatukuwa na haki ya kuyajua.

"Alikuja kuposa na koti lile lile," alisema. "Baba yangu alikuwa mpiga enanga." Enanga ni kinanda cha nyuzi cha Wahaya, ubao mrefu uliochongwa mfano wa sinia, nyuzi zikapitishwa juu yake. "Wazee wamekaa, baba akampigia wimbo wa kumkaribisha. Mrefu, si unajua nyimbo zile. Ulipoisha wakamuuliza kijana, umeuonaje? Mnajua alijibu nini? Uzi wa tatu umelegea!"

Tulicheka hadi visu vikatuanguka.

"Posa nusura ife," akaendelea. "Shangazi zangu walitaka arudishwe na pombe yake."

"Na ulikuwa umelegea," Mwalimu akasema kutoka uani, alikokuwa akipiga viatu rangi.

"Ulikuwa umelegezwa," mkewe akamjibu. "Baba aliulegeza makusudi. Wimbo ule ndivyo unavyopigwa. Ungemuuliza, angekwambia. Wewe ulikuja na kichuma chako."

Uani brashi ikaacha kusugua. Baadaye nilimwona kasimama na kiatu kimoja mkononi, brashi chini.

Sijui walizungumza nini likizo ile. Najua kwamba kuanzia hapo Mwalimu alianza kwenda kukaa kwa mkwewe, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, na kwamba mke alituambia kwa furaha ya chinichini kwamba kichuma hakitoki mfukoni akiwa kule. Muhula uliofuata alituletea wimbo mpya, zaburi aliyoipangia sauti mwenyewe. Ilikuwa na mahali ambapo sauti ya tatu ilishuka kuliko tulivyozoea. Niliinamisha mkono. Akatikisa kichwa. Nikainamisha tena. "Iache," akasema. "Hapo ndipo inapokaa."

Siku ya sikukuu ya mavuno kanisa lilijaa hadi ngazini. Mikungu, viazi, kuku waliofungwa miguu, vyote mbele ya madhabahu. Baba aliniruhusu nisimame mlangoni, nusu ndani nusu nje, na ndivyo nilivyosimama. Kwaya ilipojipanga, Mwalimu alitoka upande wa chumba cha mchungaji akimshika mkono mkwewe, akamkalisha kwenye kigoda kando ya kinanda, akamwekea enanga magotini. Watu wakanong'ona. Mzee akagusa nyuzi, kwaya ikaingia.

Sijasikia tena kitu kama kile. Ile sauti ya tatu, ambayo mazoezini ilinikera, ilikutana na uzi wa mzee na ghafla ikawa ndiyo iliyo sawa, sisi wengine ndio tuliokuwa juu mno miaka yote. Mwalimu alinitazama juu ya vichwa vya watu, akisubiri mikono yangu. Niliishusha yote miwili ubavuni; hakukuwa na cha kuonyesha.

Wazee wa kanisa watatu au wanne walisimama na kutoka, wakinipita pale mlangoni. Mmoja alisema kwa Kihaya, bila kuficha sauti, kwamba chombo cha vilabuni kimewekwa mezani pa Bwana. Bibi mmoja kwenye benchi la nyuma alikuwa analia, akijifuta kwa kitenge, akisema, "Waitu, waitu," yaani jamani, jamani, akitikisa kichwa. Mchungaji alitazama viatu vyake hadi wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi siku ile. Nadhani ndiyo siku pekee ambayo Mwalimu angeyapokea.

Haukupita muda, kikao cha wazee wa kanisa kikaona kwamba shule ya Ngenge inahitaji mwalimu. Ngenge iko Muleba, lakini si Muleba ya migomba. Ni huko chini kwenye tambarare, kwenye joto na vumbi, na wakati ule ulikuwa ukienda huko watu wanakuaga vizuri. Kila mtu alijua maana yake. Baba alifunga duka mapema, akaenda kumwona, nami nikamfuata. Tulimkuta anafunga vitabu kwa kamba ya katani.

"Mwalimu," baba alisema, "wewe ni mtu wa akili. Ungemweka mzee apige nje ya mlango, wote wangeridhika."

"Nje ameshapiga maisha yake yote," Mwalimu akajibu, akaendelea kufunga.

Nilimtembelea Ngenge nikiwa tayari redioni. Nilidhani nitamkuta mtu aliyevunjika. Nilimkuta kwenye stoo ya mahindi, watoto wa wafugaji na wakulima wamesimama katikati ya magunia, wanaimba sauti nne bila kinanda. Koti lilikuwa limepauka mabegani. "Magunia yanakula mwangwi," aliniambia. "Ukikosea, hakuna pa kujificha. Pale mjini ukuta ulikuwa unatusaidia kudanganya." Nilirekodi nyimbo kadhaa, tukazitangaza. Aliposikia namna nilivyoongeza mwangwi kwenye mitambo, alinitumia ujumbe kwamba nimekuwa muuza kelele. Tulinuniana hadi Idi.

Miaka ikaenda, uongozi wa kanisa ukabadilika, na viongozi wapya wakamwandalia nafasi mjini. Walikwenda wenyewe hadi Ngenge kumwambia kwamba hakutendewa haki. Aliwasikiliza, akawashukuru, akakataa. "Ndiyo kwanza nimepata sauti ya tatu," alisema, kana kwamba hiyo ni sababu ambayo mtu yeyote angeielewa. Watu walimsifu kwa hilo. Wanafunzi wa zamani tulilisimulia kwa fahari, mimi nikiwa wa kwanza.

Niliacha kulisimulia hivyo siku nilipopita kwenye kibanja na kumkuta mkewe peke yake, anafagia maganda ya kahawa. Nilianza kumweleza jinsi tunavyojivunia mumewe. Aliniacha nimalize.

"Wanasema alionewa," alisema. "Kisha wanasema ni shujaa kwa sababu hakurudi. Yeye alikuwa na watoto wake wa kuimba. Mimi ndiye niliyekula peke yangu hapa, jioni kwa jioni." Akaendelea kufagia. Halafu, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwacha mgeni na maneno machungu, akasema, "Jumamosi ukimwona anavyoshuka kwenye pikipiki, mweupe kwa vumbi hadi kope, huwezi kumgombeza. Unacheka tu."

Mama huyo alifariki mwaka ambao Mwalimu alistaafu, kabla hawajakaa pamoja hata msimu mmoja wa kahawa. Wanafunzi walikuja kutoka kila upande: wa Bukoba, wa Ngenge, mmoja kutoka Maruku, anakofanya utafiti wa migomba, na miche miwili ya kupanda. Tulikuwa vizazi vingi visivyofahamiana, lakini kila mmoja alijua sauti yake. Jeneza lilipofika kaburini, tulimgeukia yeye. Mmoja wetu alimsogelea.

"Mwalimu, utupe mwanzo."

"Leo mimi ni mfiwa," akasema. "Imbeni."

Tulianza, yaani walianza, na bila mkono wake wimbo ukaanza kuteleza. Kila ubeti ulishuka. Ulipofika wa tatu, besi walikuwa wananguruma chini kabisa, hawafikiki, na sauti ya kwanza inapasuka kwa kilio. Nilimtazama. Alikuwa ameshika udongo kiganjani. Uso wake haukuonyesha kama anasikia.

Baada ya maziko nilikwenda kukaa karibu naye kwenye mkeka. Nikamwambia pole, kisha nikamwambia pole pia kwa wimbo.

"Uache," alisema. "Hata yeye hakuwa anashika sauti. Binti wa mpiga enanga! Kanisani alikuwa anaimba pembeni yangu, anakwenda kwake, wimbo unakwenda kwake." Akageuza udongo uliobaki mkononi. "Sikumwambia hata siku moja."

Baada ya hapo nilimwona mara chache. Nilisikia kwamba hapokei wageni, halafu kwamba amepanda vanila, halafu kwamba hasimamii kwaya yoyote, ingawa usharika wake ulimwomba zaidi ya mara moja. Mwezi uliopita, wakubwa wangu kazini wakataka kipindi kuhusu watu waliofundisha muziki mkoani kwetu, nami nikachukua kinasa sauti na kwenda Muleba bila kumwarifu, kwa kuwa ningemwarifu angekataa.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani aliyekuwa anaanika kahawa aliniambia, "Yuko kanisani, kwenye mazoezi." Nikafurahi, nikajua kwamba amekubali kurudi mbele.

Mbele alikuwa msichana. Koku, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na simu mfuko wa nyuma wa suruali na penseli kwenye nywele. Kulikuwa na kinanda cha umeme na spika mbili. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho kwenye viti vya wageni, nikamkosa. Kisha nikamwona mstari wa nyuma kabisa, katikati ya vijana wawili warefu, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa anaimba besi.

Koku akakata wimbo kwa mkono.

"Besi, mnaburuza. Mzee, hasa wewe. Unasubiri nini pale?"

Nilisikia aibu mwilini, kama niliyetukanwa mimi. Nilitaka kumwambia binti yule anaongea na nani. Lakini Mwalimu alinyoosha koti lake.

"Samahani, Mwalimu," alisema.

"Tunarudia."

Wakarudia. Nilikaa benchi la mwisho na kinasa sauti magotini, sijakiwasha. Alikuwa anamtazama Koku bila kupepesa, shingo ile ndefu imenyooka, na mkono ulipomwita aliingia pamoja na wenzake. Niliona uso wake umetulia. Sikuwahi kuuona hivyo miaka yote aliyosimama mbele yetu.

Wakati wa mapumziko nilimfuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwanaidi. Umekonda. Baba hajambo?"

Nilimwambia baba hajambo, anamsalimu. Nikamweleza kuhusu kipindi. Nusu saa tu, nikasema, azungumze kuhusu maisha yake, kuhusu shule, kuhusu Ngenge. Watu wanataka kumsikia.

"Siku nyingine," alisema. "Hapa kwenye mstari wa pili kuna mahali nachelewa, na mapumziko yetu ni mafupi." Akaweka kidole kwenye karatasi, akaanza kuuimba ule mstari kwa sauti ya chini, akarudia, akarudia tena, kichwa kimeinama.

"Mzee wa besi," Koku akaita kutoka mbele, "tunakusubiri wewe."

Akanipa mkongojo wake nimshikie. Akaenda kwa haraka aliyoiweza, akapenya katikati ya wale vijana wawili, akajaza kifua pumzi kabla mkono haujainuliwa.

"Bado, mzee," Koku akasema.

Akaitoa ile pumzi, akatabasamu, akasubiri aambiwe.